Dodoma 1994: Sheria Zilipopandishwa Kizimbani

Tarehe 22 Juni 1994, katika Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Dodoma, Jaji James Mwalusanya alisoma hukumu ambayo hakuna jaji wa nchi hii aliyekuwa ameithubutu kabla yake. Watu wawili walikuwa wametiwa hatiani kwa kosa la mauaji. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilitaja adhabu moja tu kwa kosa hilo, nayo ni kunyongwa hadi kufa, na hakikumwachia jaji nafasi ya kuchagua. Mwalusanya alichagua. Alisema kunyonga ni adhabu ya kikatili, ya kinyama na ya kumdhalilisha binadamu, kwamba inakwenda kinyume cha Katiba, na badala yake akatoa kifungo cha maisha.

Miezi minne baadaye, tarehe 24 Oktoba, ikasomwa hukumu nyingine katika mahakama hiyohiyo. Safari hii jaji alikuwa Kahwa Lugakingira, na kesi ilikuwa ya Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jaji alitamka kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kupitia chama chochote cha siasa, na kwamba wananchi hawapaswi kuomba kibali cha Serikali ili wakutane.

Hukumu zote mbili zilisimama juu ya kurasa chache za Katiba, zile zenye kichwa cha habari kisemacho Haki na Wajibu Muhimu, kuanzia ibara ya 12. Leo kurasa hizo zinatajwa bungeni, magazetini na hata kwenye mabishano ya vijiweni kana kwamba zilikuwapo tangu bendera ya Uhuru ilipopandishwa. Haikuwa hivyo. Tanzania iliishi zaidi ya miaka 20 bila kuwa nazo, ikaziandika kwa shingo upande, ikaziweka kando kwa miaka mitatu, na zilipoanza kufanya kazi, zikaanza kuwekewa masharti.

Kwa nini Uhuru ulikuja bila hati ya haki

Waingereza walipokuwa wakiondoka katika makoloni yao, kawaida yao ilikuwa kuacha katiba yenye orodha ya haki za raia. Nigeria ilikuwa nayo. Kenya na Uganda zilipewa. Tanganyika ilikataa. Hoja ya viongozi wa TANU ilikuwa kwamba nchi changa ina kazi kubwa ya kujenga uchumi, kazi itakayohitaji mabadiliko makubwa na ya haraka, na kwamba majaji, ambao wengi wao wakati huo walikuwa Wazungu, wangetumia hati hiyo kuikwamisha Serikali iliyochaguliwa na watu.

Si kwamba waliosema hivyo hawakujua uchungu wa kukosa haki. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alishtakiwa na Serikali ya kikoloni kwa kashfa, kutokana na maandishi yake katika gazeti la chama, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Lakini kufikia 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini, iliyompa kiongozi wa nchi uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Mwaka huohuo wakuu wa mikoa na wa wilaya walipewa uwezo wa kumweka mtu ndani kwa saa 48. Abdulrahman Babu, aliyepata kuwa waziri, alikaa gerezani kuanzia 1972 hadi 1978.

Suala hilo liliibuka tena pale Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilipokuwa ikiandaa mfumo wa chama kimoja. Taarifa yake ya 1965 iliikataa tena hati ya haki. Tume iliona kwamba haki za raia zitalindwa vizuri zaidi na maadili ya taifa lenyewe kuliko na majaji. Haki zikatajwa katika utangulizi wa Katiba ya Muda ya 1965, na mwaka uliofuata ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo mwananchi aliyeonewa na ofisa wa Serikali angeweza kuipelekea malalamiko yake. Tume ilichunguza na kumpa Rais taarifa. Haikuwa na uwezo wa kuamuru.

Je, ule utangulizi ulikuwa na nguvu yoyote? Jibu lilipatikana mwaka 1973, katika kesi ya Hatimali Adamji dhidi ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Mahakama Kuu ilisema utangulizi si sehemu ya Katiba, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai haki kwa kuutegemea.

Kwa mkulima wa Ugogo jambo hilo halikuwa nadharia ya mawakili. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuonja operesheni za kuhamishia watu vijijini. Operesheni Dodoma ilianza mapema katika miaka ya 1970, kabla Mwalimu hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri. Aliyeachishwa boma lake, mashamba yake na malisho ya ng'ombe wake angeweza kulalamika kwa katibu wa chama, kwa Tume ya Uchunguzi, au kumwandikia Rais barua. Kuishtaki operesheni yenyewe kwamba imevunja Katiba lilikuwa jambo lisilowezekana, kwani Katiba haikusema lolote la kuvunjwa. Katiba mpya ya 1977, iliyofuata kuzaliwa kwa CCM, nayo haikuongeza hati ya haki.

Mwaka huohuo wa 1977 nchi ilionyeshwa gharama ya ukimya huo. Katika msako wa wahalifu mikoani Mwanza na Shinyanga, watu walikuwa wameteswa na wengine kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari kubeba dhamana ya kisiasa, na pamoja naye wakaondoka viongozi wengine.

Mjadala uliozaa jambo ambalo halikupangwa

Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kurekebisha Katiba na kuwaalika wananchi wayajadili. Maeneo yalikuwa matano: madaraka ya Rais, nguvu za Bunge, uwakilishi, Muungano na madaraka ya umma. Hati ya haki haikuwamo.

Wananchi wakaiingiza wenyewe. Chama cha Wanasheria Tanganyika, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sauti nyingi kutoka Zanzibar zilidai haki za raia ziandikwe ndani ya Katiba na ziwe na mahakama ya kuzilinda. Wakati wenyewe ulisaidia hoja yao. Mwaka huo ndio wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo watu waliokutwa na bidhaa walipelekwa mbele ya baraza maalumu, hakuna dhamana, hakuna wakili. Familia nyingi zilizokuwa hazijawahi kufikiria habari za katiba zilijikuta zikiuliza mtu wao anashikiliwa kwa sheria gani.

Kulikuwa pia na msukumo kutoka nje. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulikuwa umepitishwa Nairobi mwaka 1981, na Tanzania iliuridhia Februari 1984. Nchi iliyokuwa mstari wa mbele kupigania ukombozi wa Kusini mwa Afrika isingeweza kwa urahisi kusaini mkataba huo huku nyumbani raia wake hawana pa kuudai.

Kilele cha joto la kisiasa kilikuwa Dodoma, makao makuu ya chama. Hapo ndipo Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu, Aboud Jumbe alipojiuzulu urais wa Zanzibar na nyadhifa zake nyingine baada ya mzozo juu ya muundo wa Muungano. Baadaye mwaka huohuo Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Tano ya Katiba, Sheria Namba 15 ya 1984. Haki na wajibu vikaingia. Zanzibar nayo, katika Katiba yake ya 1984, ikaandika sura yake ya haki.

Kisha ikaja Sheria Namba 16. Hiyo ilisema kwamba kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988, hakuna mtu atakayeweza kwenda mahakamani kudai kwamba sheria iliyopo imevunja haki hizo. Sababu iliyotolewa ilieleweka: Serikali ilihitaji muda wa kupitia sheria zake na kuzisafisha. Miaka mitatu ilikwisha, na sheria nyingi zilibaki kama zilivyokuwa. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoteuliwa 1991 kuchunguza mfumo wa vyama, ilipotoa taarifa yake iliorodhesha sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi na zinazostahili kufutwa au kurekebishwa.

Inavyotoa na inavyobana

Msomaji anayefungua sehemu hiyo ya Katiba kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili. La kwanza ni upana wake. Usawa mbele ya sheria, haki ya kuishi, uhuru wa mtu binafsi, faragha, kwenda atakako, maoni, dini, kukutana na kujiunga, kushiriki uongozi, kufanya kazi na kulipwa ujira wa haki, kumiliki mali. Zinafuata ibara za wajibu: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulitetea taifa.

La pili ni ibara ya 30. Hiyo inasema sheria haitakuwa batili kwa sababu tu inapunguza haki fulani, mradi imelenga usalama wa umma, maadili, afya, ulinzi au manufaa ya jamii kwa jumla. Orodha ya sababu hizo ni ndefu. Waliosoma ibara ya 30 mwaka 1985 walikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba kilichotolewa kwa mkono wa kulia kimechukuliwa kwa wa kushoto.

Majaji ndio walioikataa tafsiri hiyo. Walisema Serikali haiwezi kutamka tu "manufaa ya umma" na kuondoka. Yenyewe ndiyo itakayothibitisha kwamba sheria inayobana haki ina kinga dhidi ya uonevu, na kwamba haibani zaidi ya pale panapohitajika ili kufikia lengo halali. Wavu ukiwa mpana kiasi cha kuwanasa na wale ambao hawakukusudiwa, sheria inaanguka.

Kipimo hicho kilianza kujengwa mkoani Mwanza, ambako Mwalusanya alikuwa jaji milango ilipofunguliwa Machi 1988. Mwaka huohuo, katika kesi ya mtu aliyekuwa akishikiliwa katika gereza la Musoma, alitangaza kuwa batili sheria ya kikoloni iliyoruhusu kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1990 ikamjia rufaa katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alikwenda mahakamani kudai kwamba, kwa kanuni za mila, mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mpwa. Mwalusanya alisema kanuni hiyo ya mila imepitwa na Katiba; haki ya mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ni sawa na ya mwanamume.

Kesi ya Daudi Pete nayo ilianzia Musoma. Alishtakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu, akanyimwa dhamana, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 ilikataza dhamana kwa kosa lolote lililohusisha shambulio kubwa au tishio la nguvu. Hakimu hakupewa nafasi ya kuuliza kama mtuhumiwa ni hatari kweli. Mwalusanya alikiondoa kifungu hicho, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikakubaliana naye kwamba kilikuwa kipana mno.

Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi. Ilifuta sharti lililomtaka mwananchi aombe idhini ya Serikali kabla ya kuishtaki Serikali.

Hukumu mbili za Dodoma

Mwalusanya alipohamia Dodoma alikuja na mtindo wake. Hukumu zake zilikuwa ndefu, zenye kunukuu mahakama za India, Zimbabwe, Marekani na Ulaya, na hazikuficha hasira. Katika kesi ya 1994, ambayo wanasheria huiita kwa jina la Mbushuu, hakuishia kwenye maneno ya ibara ya 13, inayokataza mateso na adhabu za kinyama. Alimpeleka msomaji ndani ya chumba cha kunyongea. Alieleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, jinsi inavyoweza kwenda kombo, na jinsi mtu anavyoishi miaka mingi akingoja siku asiyoijua. Alieleza pia ni nani hasa hufika huko: watu maskini, wanaotetewa na wakili aliyepangiwa na mahakama kwa malipo kiduchu, wasioweza kumlipa wa kwao. Hakimu akikosea katika kesi ya wizi, mtu hurudishiwa uhuru wake. Katika kunyonga hakuna marekebisho.

Kisha akaigeukia ibara ya 30. Serikali ilidai adhabu hiyo inazuia mauaji. Jaji alisema haijathibitisha kwamba inazuia kuliko kifungo cha maisha.

Hukumu ya Lugakingira ilikuwa ya namna nyingine, tulivu katika lugha, pana katika matokeo. Christopher Mtikila alikuwa mhubiri na mwanasiasa aliyejulikana kwa mikutano yake ya kuwatetea walalahoi. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, sheria mpya ilidai kila chama kipate wanachama 200 katika kila mmoja wa mikoa 10 walau, ikiwamo ya Unguja na Pemba. Chama chake, Democratic Party, kiliukataa muundo wa Muungano, hivyo kikakosa usajili wa kudumu. Bila chama kilichosajiliwa hakuweza kugombea, na bila kibali hakuweza kuhutubia. Alikwenda Mahakama Kuu ya Dodoma na shauri namba 5 la 1993.

Hoja ya kwanza ya Serikali ilikuwa kwamba Mtikila hana sifa ya kufungua shauri hilo, kwa sababu hajaonyesha ameumizwa kuliko raia mwingine. Hapo ndipo Lugakingira alipoandika kile ambacho wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki wanakisoma hadi leo. Alisema mahakama lazima izitazame hali halisi za Tanzania: umaskini, kutojua kusoma, na mazoea ya kukaa kimya yaliyokuzwa na miaka mingi ya chama kimoja. Katika nchi ya namna hiyo, kumfukuza mtu mmoja anayethubutu kusema kwa niaba ya wengi ni kuifanya Katiba isiwe na mtetezi. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, na hilo lilitosha.

Alipokwisha kumruhusu aingie, alimpa mengi ya aliyoyaomba. Vifungu vya Sheria ya Polisi vilivyodai kibali cha mikutano vilikwenda kinyume cha ibara ya 20. Taarifa inatosha. Na raia asiye na chama anaweza kugombea.

Majibu ya Serikali

Majibu yalikuwa yameanza kabla hata ya hukumu. Tarehe 16 Oktoba 1994, siku nane kabla Lugakingira hajasoma uamuzi wake, Serikali ilikuwa imewasilisha bungeni muswada wa Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba. Tarehe 2 Desemba ulipita, ukawa Sheria Namba 34 ya 1994. Ulirekebisha Katiba yenyewe ili kudhaminiwa na chama kuwe sharti la kugombea. Haki ambayo jaji aliiona ndani ya Katiba ilitolewa ndani ya Katiba.

Sheria iliyopita kabla ya hiyo, Namba 33 ya mwaka huohuo, haikupigiwa kelele nyingi, lakini kwa mwananchi wa kawaida ndiyo iliyobadilisha mambo zaidi. Hiyo ni Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu. Tangu hapo shauri la kudai haki za kikatiba halisikilizwi na jaji mmoja. Linahitaji jopo la majaji watatu. Shauri linaloonekana ni la mzaha au usumbufu linaweza kutupwa mapema. Na mahakama inapoona sheria ni batili, inaweza kuipa Serikali muda wa kuirekebisha badala ya kuifuta papo hapo. Mwalusanya na Lugakingira waliamua kila mmoja peke yake. Baada ya 1994 njia hiyo ikafungwa.

Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi katika kesi ya Mbushuu. Ilikubali kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha. Hata hivyo ilisema ibara ya 30 inaiokoa, kwa kuwa ni juu ya jamii kuamua kama adhabu hiyo bado inahitajika. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, na katika hukumu yake iliitaja na kuichambua kesi hiyo iliyoanzia Dodoma.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilirudi nyuma. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la baba na mwanawe, familia ya Akonaay, waliokuwa wameshinda kesi ya kurudishiwa ardhi yao ya kimila na kukutana na sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati wa operesheni. Jaji Mkuu Nyalali alisema haki ya kumiliki ardhi kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Kama isingekuwa hivyo, wakazi wengi wa nchi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Jambo ambalo mkulima wa miaka ya 1970 hakuwa na pa kulipeleka sasa lilikuwa na ibara yake.

Kutoka Dodoma hadi Arusha

Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2005 alifungua shauri jipya, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam wakampa ushindi tena. Mwaka 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, liliutengua uamuzi huo kwa kusema kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge. Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ilisema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika kwa kuwazuia wagombea wasio na chama. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, na hadi wakati huo hakuwahi kuona sheria ikibadilishwa.

Adhabu ya kifo nayo ilifika Arusha. Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, mahakama hiyo ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kuzingatia mazingira ya kosa ni kuvunja haki ya kuishi. Mwezi huohuo Serikali ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri yao moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kunyonga hakujatekelezwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini mahakama zinaendelea kutoa hukumu hiyo.

Dhamana ikarudi mahakamani mwaka 2020. Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mikutano ya hadhara ya vyama, ambayo kwa sheria sasa inahitaji taarifa ya saa 48 tu kwa polisi, ilizuiwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2016 hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo Januari 2023.

Mwaka 2014 ilionekana kana kwamba mambo mengi ya namna hii yangeandikwa upya, tena Dodoma. Bunge Maalumu la Katiba lilikutana huko kuanzia Februari, baadhi ya wajumbe wa upinzani wakatoka Aprili, na Oktoba waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Ndani yake mgombea asiye na chama aliruhusiwa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haijapigwa.

Kwa mwananchi wa Kongwa, Mpwapwa au Manyoni anayetaka leo kudai haki ya kikatiba, taratibu ni hizi. Lazima kwanza amalize njia nyingine zote za kisheria zilizopo. Halafu afungue shauri Mahakama Kuu, likiambatana na hati ya kiapo. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliitaka hati hiyo ionyeshe jinsi jambo analolalamikia lilivyomgusa yeye binafsi, sharti ambalo mwaka 1994 Lugakingira alilikataa. Kisha asubiri jopo la majaji watatu.

Wengi hawafiki huko, wala si mashauri ya aina hiyo wanayokuwa nayo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi wilayani, na tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Serikali, iliyozinduliwa Dodoma, imekuwa ikizunguka mikoani na kusikiliza watu bila malipo. Yanayoletwa mbele ya meza zao zaidi ni migogoro ya ardhi, mirathi na ndoa: mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, binti aliyeambiwa hana fungu katika mali ya baba. Ni mambo ya ibara ya 13 na ya 24, yaleyale yaliyowapeleka Holaria Pastory na familia ya Akonaay mahakamani.